Nani atalisoma kwa sauti?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama shule zipige marufuku riwaya mashuhuri za zamani zenye maneno ya kudhalilisha watu weusi, nimelisoma ndani ya basi nikitoka kazini, na moyo ulinienda mbio. Jibu nililianza humo humo kichwani: ndiyo, zipigwe marufuku, tena leo. Sasa nimefika nyumbani, nimepika, nimekaa, na uhakika ule umepungua.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, Tanzania, naishi Minneapolis, Marekani, mwaka wa kumi na tatu huu. Mwanangu alipokuwa na miaka 15 darasa lao lilisoma Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Marekani mwaka 1885: mtoto wa Kizungu na Jim, mtumwa aliyetoroka, wanateremka mto Mississippi kwa chelezo. Lile neno linaloanza na N, tusi la Kiingereza kwa watu weusi, limo zaidi ya mara 200. Weusi darasani walikuwa wawili, na siku hiyo mwenzake alikuwa mgonjwa.

Walisoma kwa sauti, kwa zamu. Mtoto wa kwanza alipolifikia neno alisita, akamtazama mwanangu. Wa pili alilipita mbio kama anayeruka dimbwi. Wa tatu alilitamka polepole, kwa kulikaza, na huko nyuma mtu akacheka. Mwalimu alisema tu, "Endelea." Kisha zamu ikamfikia mwanangu. Alisoma ukurasa mzima, neno lile mara nne, na sauti haikumtetemeka.

Jioni hakula. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, chakula ambacho hajawahi kukiacha, akaisogeza sahani. Nilidhani ana homa. Nikamgusa shingo, haina joto. Nikamwuliza, "Baba, una nini?" Akaniambia yote, halafu akauliza, "Mama, kwa Kiswahili lile neno wanaliitaje?"

Nilikosa la kumjibu. Nilifikiria mshenzi, halikutosha. Nilifikiria mtwana, yeye asingelijua. Kisha nikakumbuka kisima cha karibu na kwa bibi yangu, miaka ya themanini. Wanawake wakigombana pale walitukanana mambo mengi, lakini lililomfanya mtu ajitwike ndoo tupu na kuondoka ni moja: "Mtumwa wee!" Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na bado neno liliweza kumfukuza mtu mzima kisimani. Kwa hiyo niliposikia kwamba mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa toleo la riwaya hiyo ambalo neno la N limebadilishwa kuwa "mtumwa", nilishangaa sana. Mtu wa Pangani hawezi kuiona hiyo kuwa dawa.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba kitabu kinawaumbua wenye watumwa, na mwandishi yuko upande wa Jim. Nilikubali, nakubali hata leo. Nilichouliza ni kwa nini neno lile lipitishwe mdomoni mwa kila mtoto mbele ya mwanangu, na aliyecheka asiambiwe kitu. Hilo halikujibiwa. Uamuzi ukawa kwamba wakati wa kusoma, mwanangu aende maktaba. Yaani kitabu kilibaki darasani, akatolewa mtoto.

Huko maktaba akakimaliza peke yake. Usiku mmoja alinisomea pale Jim anapomsimulia Huck habari za binti yake mdogo, Lizabeth. Alimwambia afunge mlango, mtoto akasimama tu anatabasamu, akampiga. Baadaye upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto naye hata hakushtuka, ndipo baba akatambua kwamba homa ilimwacha kiziwi. Mwanangu alisoma huku analia, nami nililia. Sijui kitabu kingine kilichotukutanisha hivyo.

Mwaka 2018 wilaya ya shule ya Duluth, hapa hapa Minnesota, ilikiondoa kwenye orodha ya lazima pamoja na To Kill a Mockingbird, riwaya nyingine yenye neno lile, vikabaki maktaba. Wakati ule nilitaka viondolewe hata huko. Leo nawaandikia kwamba nilikosea. Visipigwe marufuku. Ila neno lile lisisomwe kwa sauti na watoto, na mwalimu asiyejua la kufanya mtu anapocheka asikifundishe kabisa. Na pale mtoto mweusi yuko peke yake darasani, sioni bado njia ya kukifundisha ambayo ningeikubali.

Binti yangu anaingia darasa lile lile Septemba. Wakinipa fomu ya ridhaa sitaisaini. Nakala tuliyokuja kuinunua, yenye mistari ya penseli ya kaka yake, iko sebuleni kwenye rafu ya chini, na akiichukua mwenyewe sitamnyang'anya.