Nimeondoa Apache na kuirudisha, mbona bado inagoma?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina sava ndogo ya Ubuntu 22.04. Nilichezea mipangilio ya Apache, programu inayohudumia tovuti, mpaka ikagoma kuwaka. Nikapiga `sudo apt remove apache2`, nikaisakinisha upya, ikagoma vilevile. Nikafuta kwa mkono faili la apache2.conf nikasakinisha tena. Sasa inalalamika kwamba faili hilo halipo! Na apt, kisakinishi cha programu, kila mara inanikumbusha niendeshe autoremove. Naogopa kuigusa.

JIBU: Nzuri, ndugu. Mfumo wako ni mzima, ila apt imekutii kuliko ulivyotaka.

`remove` huondoa programu na kuacha mipangilio yake ndani ya folda ya /etc, ili ukiirudisha kesho uendelee ulipoishia. Ungepiga `dpkg -l apache2` baada ya kuiondoa, ungeona mstari unaoanza na herufi rc: r, imeondolewa, c, mipangilio ingali ipo. Iliyosakinishwa kamili huonyesha ii. Kwa hiyo uliporudisha Apache, ilisoma makosa yako yaleyale.

Kufuta faili kwa mkono ndiko kulikoharibu zaidi. dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha, huweka kumbukumbu ya kila faili la mipangilio lililokuja na pakiti, yaani kifurushi cha programu. Ikikuta umelifuta, huchukulia kuwa ndivyo ulivyotaka, na hailirudishi hata ukisakinisha mara kumi. Dawa ni kuifanya isahau kila kitu kwa purge, inayofuta programu pamoja na mipangilio yake. Weka nakala kwanza, maana tovuti ulizoziandika huenda ziko humo humo:

`sudo cp -a /etc/apache2 ~/apache2-nakala`
`sudo apt purge apache2`
`sudo apt install apache2`

Kama umebakiwa na mipangilio mingine mizuri na faili moja tu ndilo lililopotea, usifanye purge. Tumia hii:

`sudo apt install --reinstall -o Dpkg::Options::="--force-confmiss" apache2`

Inarudisha yaliyokosekana na kuacha mengine kama yalivyo. Kisha `sudo apachectl configtest`. Ikijibu Syntax OK, washa. Isipojibu hivyo, kwa kawaida itakutajia faili na namba ya mstari wenye kosa, na kusema kweli amri hii moja ingetosha tangu siku ya kwanza. Kuondoa na kusakinisha upya ni mazoea ya Windows. Kwenye Linux mara nyingi kosa limo kwenye mstari mmoja wa maandishi.

Kuhusu autoremove: huondoa pakiti zilizoingia kwa kuwa nyingine ilizihitaji, na sasa hakuna inayozihitaji. Subiri Apache irudi kwanza, maana apache2-bin na wenzake watatoka wenyewe kwenye orodha. Halafu ijaribu bila kuitekeleza, wala sudo huhitaji:

`apt -s autoremove`

Soma kila mstari unaoanza na Remv. Ukiona unachokitumia, kizuie kwa `sudo apt-mark manual` na jina lake. Orodha ikiwa ndefu kuliko ulivyotarajia, hasa ikitaja python3 au ubuntu-desktop, usiendeshe autoremove yenyewe, chunguza kwanza. Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji maarufu wa YouTube, alisakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, aina ya Linux, akapuuza onyo la apt, akajikuta hana tena desktop, yaani sehemu yenye madirisha na menyu.

Na kama hivi karibuni ulijibu y (ndiyo) bila kusoma, yaliyoondoka yameandikwa, na tarehe yake, ndani ya /var/log/apt/history.log.