Rola Zinazong'aa na Rola za Bei Nafuu

SWALI: Ndugu Mhariri, nina matbaa ndogo hapa Tabora mjini, yenye mashine ya ofseti ya rangi moja tunayochapia vitabu vya risiti, kadi za harusi na mitihani ya shule. Siku hizi wino unatoka kwa michirizi, na rola (silinda za mpira zinazosambaza wino) zinang'aa kama kioo ingawa kila jioni tunazisafisha kwa mafuta ya taa, wakati mwingine petroli. Dar es Salaam nimepata rola mpya za bei nafuu, zilizotengenezwa kwa ajili ya wino wa UV (unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno), zenye urefu na unene uleule wa zangu. Je, nizinunue?
Mchapaji, Tabora

JIBU: Usizinunue, ndugu yetu. Rola za wino wa UV mara nyingi huvikwa mpira wa EPDM, ambao hauvumilii mafuta, na kwa kuwa wino wako wa kawaida asili yake ni mafuta, mpira huo utavimba na kulainika hata urefu na unene ukilingana. Kwa kazi ulizozitaja unahitaji mpira wa naitraili, unaovumilia mafuta.

Lakini zichunguze kwanza ulizo nazo. Mng'ao huo kwa kawaida ni utando wa gundi, wino uliokauka na kalisiamu, itokayo kwenye chokaa ya karatasi na maji magumu, ulioziba vinyweleo vya mpira. Mafuta ya taa hayaiyeyushi kalisiamu, na yenyewe huacha ukungu wa mafuta. Petroli huuharibu mpira, tena cheche moja ya mota yaweza kuiteketeza matbaa nzima. Toa wino kwa dawa ya kuoshea rola, kisha sugua kwa dawa ya kuondoa kalisiamu (siki iliyozimuliwa kwa maji pia husaidia), suuza kwa maji ya vuguvugu na ukaushe kabisa.

Rola za wino zinazogusa plati (bamba lenye maandishi au picha ya kuchapwa), zikiwa mpya, aghalabu huwa na ugumu wa kati ya 25 na 35 kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira. Ikiwa baada ya kusafishwa ugumu umepanda kwa pointi 10 au zaidi, peleka chuma cha rola kikavishwe mpira upya.

Mgandamizo wa rola juu ya plati nao hauhitaji kukisiwa. Paka rola wino, simamisha mashine, ishushe rola juu ya plati kisha iinue, utazame mstari uliobaki: kwenye mashine ndogo upana wake huwa takriban milimita 3 hadi 4, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Mstari mnene upande mmoja maana yake rola imekazwa kombo. Ukiwa mwembamba katikati na mnene ncha zote mbili, mpira umelika au ncha zimevimba, na hapo kukaza zaidi kutaongeza joto na kuumaliza mpira mapema.

Jioni ziachanishe rola na plati, zisilale zimegandamizana. Za akiba zihifadhi gizani, mbali na mota, zikiegemea ncha zake za chuma, kwani zikilalia mpira hupata ubapa usiorudi.