Ukienda kutazama ndege Ziwa Erie mwezi wa Mei, simama

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye tamasha la ndege la Ziwa Erie, kule Ohio, Marekani, nilitembea sana na kuona kidogo. Kila niliposikia watu wakinong'ona kwamba mbele kuna ndege adimu, nilikimbilia huko. Nilifika ndege ameshaondoka, na pale nilipotoka wenzangu walikuwa wameona watano. Mwaka uliofuata nilichagua kona moja, nikasimama. Ndege wakanijia wenyewe.

Tamasha lenyewe linaitwa The Biggest Week in American Birding. Huchukua siku kumi kila Mei, na waandaaji wake ni shirika la ndege liitwalo Black Swamp Bird Observatory. Matembezi ya kuongozwa yanataka kujiandikisha na kulipa, lakini njia ya mbao inayopita ndani ya msitu wa Magee Marsh, hifadhi iliyo kando ya ziwa, ni ya watu wote, bila kiingilio. Kama hela ni ya kubana, nenda moja kwa moja pale.

Ndege wanaovuta umati ni wobla (kwa Kiingereza warbler): wadogo, wala wadudu, wenye rangi ambazo usipoziona mwenyewe utadhani umedanganywa. Yupo mmoja mwenye koo la rangi ya machungwa kama kaa la moto, na uzito wake haufiki hata gramu 15. Wengi wao wametokea Amerika ya Kati na ya Kusini na visiwa vya Karibi, wakisafiri usiku. Alfajiri wanakuta maji makubwa mbele yao, wanashuka kwenye vichaka vya ufukweni kula na kupumzika kabla ya kuvuka kuelekea Kanada. Wana njaa. Kichaka chenye wadudu kitatembelewa tena na tena, ndiyo maana anayesimama anafaidi kuliko anayekimbia. Ukikutana na wingu la usubi wanaotoka ziwani, usilikasirikie, hicho ndicho chakula chao.

Siku nayo ichague, ukiweza. Upepo wa kusini ukivuma usiku kucha, ndege huja kwa wingi. Ukigeuka ghafla ukawa wa kaskazini, au mvua ikinyesha karibu na alfajiri, wanakwama upande huu wa ziwa, na hiyo ndiyo asubuhi ya kuamka mapema. BirdCast, mradi wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao, hutoa utabiri wa safari za ndege kwa kutumia rada za hali ya hewa. Mimi huutazama kabla ya kulala. Kama una siku mbili au tatu, usizipange zote mapema; acha moja iamuliwe na upepo.

Darubini ya macho mawili: 8x42, yaani ya kukuza mara 8 yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Nilianza na ya kukuza mara 12 nikiamini kubwa ndiyo bora. Mkono ukitikisika kidogo, picha yote inacheza, na kumpata ndege anayerukaruka kwenye majani ni kazi ngumu. Tena pale Magee wobla hushuka hadi usawa wa macho, wakati mwingine karibu kiasi kwamba darubini inashindwa kumwona sawasawa. Hapo ishushe, tazama kwa macho yako.

Vaa koti zito. Baridi ya ziwani asubuhi haijui kama ni Mei.

Jambo moja nitalisema kwa ukali. Usicheze sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita. Ndege huyo amepaa usiku kucha, na akiisikia sauti hiyo hudhani ni mpinzani; kila dakika anayotumia kumtafuta mpinzani huyo asiyekuwepo ni dakika aliyokosa kula. Ukimwona mtu akifanya hivyo, mwambie kwa upole. Mimi huwaambia, na mara nyingi huzima mara moja, kwa sababu hawakuwa wakijua.

Na ukimpata ndege mzuri, geuka umtazame aliye nyuma yako. Kama ni mtoto au mtu mfupi, mpishe mbele. Yule wa koo la machungwa nilimwona kwa sababu mama mmoja mzee alinishika begani, akanisogeza hatua moja kushoto.