Kisu kipya cha mfukoni: wasomaji wanauliza, tunajibu

Swali: Kisu changu kipya cha kukunja ni kigumu kufungua, mpaka kidole gumba kinauma. Rafiki ananiambia nilegeze ile skrubu kubwa ya kwenye bawaba. Nimsikilize?

Usiiguse kwanza. Ugumu wa siku za mwanzo mara nyingi hausababishwi na skrubu. Chanzo huwa ni grisi nzito ya kiwandani na unga wa chuma uliobaki ndani. Fungua ubapa, chukua maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo na mswaki laini, usugue pale ubapa unapoingia mpinini. Suuza, kausha, kiache wazi usiku kucha. Asubuhi tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa bawaba. Tone kweli, la ncha ya sindano, kwa sababu mafuta yakizidi yanakusanya vumbi la mfukoni na kuwa tope. Kisha kifungue na kukifunga polepole mara 50 hadi 100, huku ukifuta weusi unaochomoza. Mafuta ya kupikia yaache jikoni. Yakikaa hunata na kisu kinazidi kugoma.

Mpini wa mti una kanuni yake. Visu kama Opinel, vile vya Kifaransa vyenye mpini wa mti, havizamishwi majini: mti ukinywa maji huvimba na kuubana ubapa. Kikikugomea siku za unyevu, kiache kikauke penye hewa, mbali na moto.

Kama baada ya wiki mbili bado ni kigumu, hapo ndipo ulegeze skrubu, moja ya nane ya mzunguko tu, halafu ujaribu. Visu vingi vya kisasa hutumia bisibisi ya Torx, yenye ncha ya umbo la nyota, mara nyingi ya saizi T8 kwenye bawaba na T6 kwenye klipu ya kuning'inizia kisu mfukoni. Izamishe ncha mpaka mwisho kabla ya kuzungusha. Tundu likishalika, kuitoa skrubu hiyo ni kazi ya fundi.

Swali: Kisu changu kina kufuli la bamba ndani ya mpini, lile linalouzuia ubapa usijikunje ukiwa wazi. Wiki ya tatu hii, ubapa umeanza kucheza. Kinatengenezeka au nikirudishe?

Inategemea unacheza kuelekea wapi. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili shika mgongo wa ubapa, mbali na makali. Usukume kushoto na kulia, halafu juu na chini.

Ukicheza kushoto na kulia, skrubu ya bawaba imelegea. Kaza moja ya nane ya mzunguko, jaribu, rudia. Umefika pazuri pale ubapa unapotulia ukiwa wazi lakini bado unakunjika kwa msukumo mdogo wa kidole. Ikilegea tena baada ya siku chache, itoe skrubu, futa mafuta yote kwa spiriti, paka chembe ya gundi ya skrubu, ile ya buluu, uikaze na kuiacha saa 24. Gundi ikitiririkia kwenye washa, yaani visahani vyembamba vya kando ya ubapa, ubapa utaganda. Ile nyekundu usiitumie kabisa: kuilegeza kunahitaji joto kali ambalo mipini mingi haivumilii.

Kucheza juu na chini ni habari nyingine, na skrubu haiwezi kuitibu. Hapo kufuli halikai sawasawa nyuma ya kitako cha ubapa, yaani mwisho wake wa kwenye bawaba. Tazama kwa ndani: kwenye kisu kipya bamba linapaswa kukikamata kitako vizuri, bila kuvuka nusu ya unene wake. Likigusa ukingo tu, au likiwa limevuka mpaka upande wa pili, kirudishe, wala usijadiliane nacho. Na tunawaomba sana: msipime kufuli kwa kugonga mgongo wa kisu mezani. Pigo la ghafla linaweza kuliachia hata kufuli zima, na vidole viko palepale ubapa unapoangukia.

Vidole vingi hukatwa wakati wa kufunga. Sukuma bamba kando kwa gumba, kunja ubapa kidogo mpaka sehemu ya kitako isiyo na makali iguse gumba, simama hapo. Sasa toa gumba kwenye njia, hakikisha vidole vingine vimeshika mbavu za mpini tu, ndipo umalizie. Siku chache tu na mkono utazoea.

Swali: Nimekatakata maboksi siku mbili na sasa kisu hakikati hata karatasi. Nimeuziwa chuma kibovu? Nikipitishe kwenye cherehe?

Chuma hakina kosa. Maboksi huwa na chembe za madini na mchanga, hasa ya karatasi iliyosindikwa upya, na chembe hizo husaga makali. Cherehe hapana! Makali ni membamba mno. Yakipata joto la cheche hupoteza ugumu, na kwa dakika moja kinaondoka chuma ambacho kinoo kingekila kwa miaka.

Tumia kinoo cha namba 1000, au 400 kama makali yameng'oka vipande (namba ikiwa ndogo, jiwe ni la kukwaruza zaidi). Paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, pande zote mbili. Laza ubapa, kisha inua mgongo hadi nyuzi 20 hivi. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita 2, mgongo unakuwa juu ya jiwe kwa milimita 7. Pitisha mara moja na utazame. Wino ukitoka juu tu, karibu na mgongo, umelaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Ukifutika wote, shika pembe hiyo.

Noa upande mmoja mpaka uhisi, kwa kupapasa kutoka mgongoni kwenda nje, unyuzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili, kuanzia kitakoni hadi nchani. Wengi huacha kabla ya hapo, ndiyo maana wanalalamika kwamba kinoo hakifanyi kazi. Noa upande wa pili vivyo hivyo, kisha badilisha upande kila pigo, ukipunguza nguvu, mapigo 10 hivi. Malizia kwa kuburuta kwenye ngozi ya mkanda, makali yakiwa nyuma, mara 20.

Swali: Nikibebeje mjini bila kujiletea matatizo?

Kwanza sheria ya ulipo, kabla ya kununua. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), hubebwa bila kutakiwa kutoa sababu, chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo. Ujerumani hukataza kubeba, bila sababu inayokubalika kisheria, kisu chenye kufuli kinachofunguka kwa mkono mmoja. Kwa ndege, kifungwe kwenye mzigo unaopakiwa chini. Ukitoka nacho kila siku, pekua begi lako usiku wa kuamkia safari.

Mfukoni, kama klipu inashika kisu kikiwa kimefungwa na ncha ikielekea juu, geuza upande unaofungukia uegemee mshono wa nyuma wa mfuko. Ubapa ukijaribu kufunguka unazuiwa na mshono. Funguo na sarafu zikae mfuko mwingine. Kila wiki mulika ndani ya mpini kwa tochi na utoe nyuzi za nguo kwa kijiti cha meno.

Swali: Naweza kukatia matunda?

Ndiyo, ila ndimu na nyanya hula chuma kisicho na kromu, madini yanayozuia kutu, ya kutosha. Kitapata madoa ya kijivu ndani ya dakika chache. Kioshe papo hapo, kikaushe hadi ndani ya bawaba, paka ubapa mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa chakula. Kama asubuhi ulikatia tepu yenye gundi, anza kwa spiriti, halafu sabuni.