Kabla hujambeba yule mbwa wa Kibirizi

Ukienda mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi, dagaa wakiwa wanaanikwa, utakuta vibwa vinazurura kutafuta vichwa vya samaki. Wanangu walimng'ang'ania mmoja, nikakubali. Leo Bosi ndiye mlinzi wetu hapa Mwanga, na kila anayemwona anataka wa kwake. Sawa, ila sikiliza kwanza.

Mbwa wa kuokota haji peke yake. Tumbo lililotuna watu husema ni shibe. Mara nyingi ni minyoo, na mayai yake yakibaki uwanjani humwingia hata mtoto anayechezea udongo. Kibwa hupewa dawa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu. Dozi inategemea kilo, kwa hiyo usikisie. Sisi tulimtia Bosi kwenye kikapu tukamning'iniza kwenye mizani ya muuza dagaa, naye akatulia tuli akinusa ndoano. Wateja walicheka, lakini bwana mifugo alipata namba aliyoitaka.

Viroboto ndiyo sehemu inayoniudhi, kwa sababu ya ushauri wa mtaani. Utaambiwa umwogeshe kwa dawa ya josho la ng'ombe. Usithubutu! Anajilamba, na mwili wake ni mdogo mno kwa sumu ile. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na kitana chenye meno ya karibu karibu, na weka bakuli la maji ya sabuni pembeni la kuwatosa unaowanasa. Ni kazi ya subira, wape watoto wakubwa.

Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, huanza akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa. Usiidharau: kibwa akianza kutapika na kuhara damu, usisubiri kesho. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi mitatu. Kabla ya hapo, aking'ata mtu au hata kumkwaruza kwa meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiseme "ni katoto tu". Dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, hakuna tiba.

Chakula si tatizo Kigoma. Ugali laini na dagaa wasiotiwa chumvi, ila wapepete vizuri, wale wa kuanikwa chini huja na mchanga. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana.

Halafu majirani. Mtaani kwetu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi kwao. Nilimwendea mama wa nyumba ya pili kabla kibwa hajafika. Akaniambia, "Mwanangu, mfuge tu, mradi asinifikie kwenye mkeka wangu wa kuswalia." Tukaziba mianya yote ya ua, kibanda tukakiweka upande wa pili, mbali na mtungi wake wa maji ya udhu. Hatujawahi kugombana.

Mwisho, mwangalie kama ni jike. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi sita tu, na baada ya miezi miwili hivi una vibwa vingine vya kulisha. Ongea na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga uzazi mapema, kabla madume ya mtaa hayajaanza kulala getini kwako.