Msiwapelekee mbwa wa kituo mahindi mliyoyakataa wenyewe

Mkuu, simamisha huo mchango wa mahindi leo hii, kabla gunia la kwanza halijapandishwa kwenye bodaboda.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: mwenzetu yuko mji mdogo kati ya Makambako na Njombe. Mtaa wao unataka kukishukuru kituo kinachotunza mbwa na paka waliotupwa, pamoja na wafanyakazi wake. Mpango ni kila kaya itoe debe la mahindi yaliyotengwa wakati wa kuchambua, mwenye mashine atoe pumba bure, kisha Jumamosi watoto waende kukabidhi. Ameuliza pia kuhusu fulana, keki na zawadi ya wafanyakazi. Karibu kila aliyemjibu amempongeza. Mimi sipongezi, maana shukrani ya namna hiyo inaua.

Tazama mama anavyochambua mahindi kwenye ungo. Anatoa nini? Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani au weusi kwenye kiini. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka) ya gunia zima. Kuchambua maana yake ni kuitoa sumu kwenye unga wa familia na kuirundika pembeni. Sasa nyinyi mnataka kuyakusanya marundo ya pembeni ya mtaa mzima na kuyatia kwenye sufuria moja. Pumba nayo ni hivyo hivyo. Mahindi yakikobolewa, sumu iliyoko kwenye ganda na kiini huenda na pumba, ndiyo maana sembe huwa na sumu kidogo kuliko dona ya mahindi yale yale.

Kwa chakula cha binadamu, kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 walikufa zaidi ya mia moja, tena kwa mahindi ambayo familia ziliyaona yanafaa kuliwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi. Mwishoni mwa 2020 kule Marekani, chakula cha mbwa cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi kiliua mbwa zaidi ya 110. Baadhi ya sampuli zake zilifika mikrogramu 558 kwa kilo, wakati ukomo wao ni 20. Hicho kilifungashwa vizuri na kuuzwa dukani. Cha kwenu kimetoka kwenye rundo la vilivyokataliwa.

Hapo juu kuna mtu kaandika kwa kujiamini kwamba mbwa ana tumbo la chuma. Ndugu yangu, sumukuvu haihangaiki na tumbo, inaharibu ini. Mwingine kasema yaanikwe juani siku mbili. Jua linaweza kuua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki ndani ya punje. Mwingine kasema yapikwe sana. Sumu hii inaanza kuvunjika vizuri kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Maji ya ugali hayavuki 100, na huko Njombe kwenye mwinuko yanachemka hata kabla hayajafika hapo. Na huyu wa "kuku wangu wanakula na hawafi": kuku anaistahimili kuliko mbwa, kuliko hata bata, kwa hiyo mfano wake hauna uzito wowote. Ushauri wa namna hii ndio unaosambaa vijiweni na kwenye maduka ya pembejeo miaka nenda rudi, na anayeutoa hayupo siku mbwa wanapozikwa. Inakera.

Kuna sababu nyingine inayowafanya mbwa wa kituo waumie kuliko mbwa wa nyumbani. Wa nyumbani leo anakula makombo ya wali, kesho utumbo, keshokutwa anajitafutia. Wa kituo anakula sufuria ile ile asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Sumu kidogo kila siku inajikusanyia madhara kwenye ini, na mbwa haonyeshi kitu mpaka ini limekwisha kuharibika sana.

Dalili zenyewe zinadanganya. Kwanza mbwa wanasusa chakula, na mtu anasema wanadeka, anawaacha na njaa mpaka wale. Halafu wanatapika, wanalegea, fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami au chenye damu, wengine tumbo linajaa maji. Manjano hayo hayo yanaletwa na ugonjwa wa kupe na pia na homa ya mgunda (leptospirosis, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine), kwa hiyo matibabu yanaanza kwenye njia isiyo sahihi. Cha kuangalia ni hiki: ugonjwa wa kupe humkamata mbwa huyu leo, yule wiki ijayo. Sumu ya chakula inagonga mabanda kadhaa kwa pamoja, watoto na majike wenye mimba wakitangulia, na wote wamekula sufuria moja. Dawa ya kuiondoa sumukuvu mwilini haipo. Kuna kuacha chakula kile mara moja, dripu, dawa za kulisaidia ini na vitamini K pale damu inapokataa kuganda, na wengi wenye manjano hawaponi.

Likitokea hilo, anayelaumiwa ni nani? Ni yule dada anayeosha mabanda alfajiri kwenye baridi ya Julai, maji yakichoma vidole, na yule kaka anayepika kwa kuni mbichi. Wataambiwa wamezembea. Hakuna atakayelikumbuka debe lake la mahindi. Hapo ndipo hasira yangu inapotoka, kwa sababu watu hawa ndio mnaotaka kuwashukuru.

Kama kuna mbwa aliyekwisha kufa kwa dalili hizo, daktari wa mifugo achukue ini: kipande kimoja kibichi kiwekwe kwenye ubaridi, kingine chembamba kisichozidi sentimita moja kitiwe kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake. Chakula chenyewe kichotwe kidogo kidogo juu, katikati na chini ya kila gunia, kwa sababu sumu haikai sawasawa, konzi moja inaweza kuonekana safi. Kitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani kwenye nailoni kuvu itaendelea kuota njiani. Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo Iringa.

Sasa kanuni, na ndiyo hii moja tu ninayoishikilia: nafaka ya kituo iwe ile mnayopika wenyewe nyumbani jioni hiyo, na kabla ya kununua mumuulize mpishi wa kituo. Si mwenyekiti wala mfadhili. Mpishi.

Kwa nyanda zetu hizi chaguo zuri ni chenga za mchele kutoka mashine za Usangu au Kyela. Ni bei nafuu kuliko mchele mzima na hatari ya sumukuvu ni ndogo mno kuliko kwenye mahindi mabovu. Kitoweo ni usipa mkavu wa Ziwa Nyasa, uoshwe mara mbili kuondoa mchanga, usiwe wa chumvi. Mbwa wa kilo 15 anahitaji kama gramu 180 za chenga kavu na gramu 60 za usipa kwa siku. Kwa mbwa 30 hiyo ni kilo 5.4 za chenga na kilo 1.8 za usipa, yaani gunia la kilo 50 linakwenda siku tisa. Pigeni hesabu ya mtaa wenu kwa msingi huo mtajua mnatoa siku ngapi za chakula. Sembe nzuri ya dukani pia inafaa. Mashudu ya alizeti na ya karanga acheni, nayo hubeba sumukuvu. Maparachichi yaliyokataliwa na wanunuzi msipeleke, kokwa zake huziba utumbo. Viazi vilivyoota au kugeuka kijani hapana. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Mahindi mliyokwisha kukusanya yafukieni shimo refu. Msiyageuzie kwa ng'ombe wa maziwa, sumu inapita kwenye maziwa wanayokunywa watoto wenu. Msimuuzie pia mama anayepika komoni, pombe ya kienyeji ya mahindi.

Kuhusu watoto: wakabidhi nje ya uzio. Viatu vinabeba parvo, virusi vya kuhara damu vinavyoua watoto wa mbwa, kutoka mitaani, na virusi hivyo hukaa kwenye udongo wenye ubaridi na kivuli kwa miezi mingi. Dettol haiviui. Panaoshwa kwanza kwa sabuni, kisha Jik ya asilimia 3.5, lita moja kwenye lita 19 za maji, ikae dakika kumi. Paka wana ugonjwa wao wa familia hiyo hiyo, kwa hiyo na wao wasishikwe.

Wafanyakazi wanahitaji gambuti zinazowatosha, glovu ngumu za mpira, koti la mvua na kuni kavu. Lakini ulizeni kwanza kama wamechanjwa kichaa cha mbwa. Anayeshika mbwa waliookotwa kila siku anatakiwa achanjwe kabla hajang'atwa: sindano siku ya kwanza, nyingine baada ya siku saba. Akija kung'atwa, bado ataosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na kwenda hospitali, ila atahitaji sindano chache na hatahitaji ile ya kinga ya haraka ambayo ni ghali na si kila hospitali inayo. Hela ya mchango ianzie hapo, na mhasibu wenu alipe hospitali moja kwa moja, kwa orodha ya majina aliyoiandika msimamizi wa kituo, mlinzi wa usiku akiwemo. Huyo husahaulika, na ndiye anayefungua geti mbwa wageni wanapoletwa saa sita usiku.