Klipu Imedondokea Ndani ya Injini ya Vespa: Usipige Kiki

Kitu kidogo kikidondokea ndani ya injini ya Vespa ya zamani, iwe nati, washa, jeti ya kabureta au ile klipu ya waya inayozuia pini ya pistoni isitoke, jambo la kwanza ni kuondoa mikono. Usiguse kiki wala usizungushe flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na kranki. Ikiwa skuta imeachwa kwenye gia, usiisukume hata hatua moja, kwa sababu gurudumu la nyuma likizunguka, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo huzunguka, na hapo kitu kilichokuwa kimelala mahali pa wazi kinaweza kusombwa hadi mahali ambapo hutakifikia bila kupasua injini, yaani kutenganisha nusu mbili za kasha lake.

Ninasisitiza hili kutokana na jinsi injini hizi zilivyoundwa tangu kampuni ya Piaggio ilipoanza kutengeneza Vespa mwaka 1946 kule Pontedera, Italia. Hizi ni injini za mipigo miwili, na kasha la kranki si mahali pa kukaa oili kama ilivyo kwenye bodaboda zetu za mipigo minne. Ni njia ya kupitia mchanganyiko wa petroli, oili na hewa, ambao huingia humo kwanza, ukakandamizwa na pistoni inaposhuka, kisha ukapanda kwenye silinda kupitia matundu ya pembeni. Kipande cha chuma kilichomo humo kinaweza kupanda njia hiyohiyo na kubanwa kati ya pistoni na hedi, yaani kifuniko cha silinda. Tena, katika injini nyingi za Vespa, bapa la kranki lenyewe, yaani sahani yake nzito ya chuma, ndilo linalofungua na kufunga njia ya hewa kutoka kwenye kabureta, likipita karibu sana na uso laini wa alumini. Uso huo ukikwaruzwa, skuta huwa ngumu kuwaka na kabureta huanza kutema petroli, na ukarabati wake si kazi ya kila karakana.

Ndiyo maana sikukubaliana na mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye Vespa ya siku nyingi hapa Isevya, Tabora, tulipokuwa tukimbadilishia ringi za pistoni. Klipu ya upande mmoja ilikuwa imeganda kwa masizi, na ilipoachia ilifyatuka tusiione ilikokwenda. Mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, rudisha silinda upige kiki, itatoka yenyewe kwa eksozi." Ushauri huo nimeusikia kwa watu wengi, hata kwa mafundi. Nilimjibu, "Hapana, mzee, kabla haijafika kwenye eksozi itakuwa imeshatoboa pistoni," naye akakubali tutafute kwanza.

Kutafuta huanzia nje ya injini, tena kwa subira. Udongo wa Tabora ni wa kichanga, na klipu ikitumbukia kwenye mchanga chini ya mwembe inaweza kukupotezea siku nzima, huku wewe ukiamini kwamba imo ndani ya kranki. Mimi hutandika shuka jeupe chini ya skuta kabla ya kufungua chochote. Pasipo na shuka, pitisha sumaku iliyofungwa kwa kipande cha plastiki juu ya mchanga, kwa kuwa sumaku tupu hubeba vumbi la chuma ambalo hutapenda kuliingiza kwenye injini baadaye. Kagua pia flaiwili. Ndani yake mna sumaku zenye nguvu, na nimewahi kukuta nati iliyodhaniwa imepotelea kwenye injini ikiwa imenata humo, salama kabisa.

Ukishajiridhisha kwamba kitu kimo ndani, jiulize kimeingia chumba gani, maana injini ya Vespa ina vyumba viwili visivyoingiliana. Kilichopitia kwenye mdomo wa silinda au kwenye tundu lililo chini ya kabureta kipo kwenye kasha la kranki. Kilichodondoka wakati wa kufungua klachi kipo upande wa giaboksi, ambako Vespa nyingi kubwa hubeba takriban robo lita ya oili. Upande huo hauna shida sana: mwaga oili kwenye chombo safi, uichunguze, kisha ingiza sumaku kupitia uwazi wa klachi, bila kuzungusha gia hata kidogo.

Kwenye kasha la kranki kazi ni ya macho kwanza. Tochi ya simu ni pana mno kwa tundu hilo. Kitaa kidogo cha waya na kioo kidogo hufaa zaidi, na siku hizi kuna kamera nyembamba za waya zinazochomekwa kwenye simu. Usiingize chochote kabla hujakiona kitu chenyewe.

Sumaku ina usumbufu wake ambao huwashinda wengi. Kasha ni la alumini, kwa hiyo halivutwi, lakini bapa la kranki, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) na beringi ni vya chuma, na sumaku hurukia hivyo badala ya klipu. Tiba yake ni rahisi. Chukua spoku ya baiskeli, ivishe mrija mwembamba wa plastiki hadi ibaki ncha tu, kisha nasisha sumaku ya spika kwenye mwisho ulio mkononi mwako. Usumaku husafiri hadi kwenye ncha, na mrija huzuia ubavu wa spoku usinate njiani. Klipu ya mzee tuliiona imelala kwenye utando wa oili chini ya konrodi, ubavuni mwa bapa, nayo ilifuata ncha ile hadi nje.

Jeti ya kabureta ni ya shaba, na washa nyingine ni za alumini. Hizo sumaku haizijui. Hapo hutumia nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani. Ikande kwa vidole hadi ilainike, ibandike kwenye ncha ya waya uliokunjwa, kausha kwanza kitu chenyewe kwa pamba iliyofungwa imara kwenye waya mwingine, kisha gandamiza na kuinua taratibu. Juu ya chuma chenye oili nta huteleza. Ukishindwa kukausha, grisi nzito hunata vizuri zaidi.

Ikishindikana, shusha injini, igeuze mdomo wa silinda uelekee chini juu ya beseni jeupe, na umiminie mafuta ya taa mengi huku ukiitikisa polepole. Usikubali kupuliziwa upepo wa kompresa. Upepo hausukumi kitu kuelekea nje tu. Unaweza kukipeleka nyuma ya bapa au ndani ya beringi.

Na ikishindikana kabisa, pasua injini. Itakulazimu kupata sili na gasketi mpya, pengine kuagiza kutoka Dar es Salaam na kusubiri, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kranki na silinda.

Ukikipata, usishangilie kabla hujakilinganisha na pacha wake. Klipu ya mzee, tulipoilaza juu ya ile ya upande wa pili, ilikuwa imepungua ncha. Tuliikuta ncha hiyo imekwama kwenye mfereji wa pistoni, chini ya masizi, na tuliitoa kwa sindano. Kama isingeonekana pale, tungerudi kwenye kranki.

Wakati wa kurudisha, ziba mdomo wa kranki kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na utumie klipu mpya pande zote mbili, uwazi wake ukielekea juu au chini ya pistoni na si ubavuni. Kisha, plagi ikiwa nje, zungusha flaiwili kwa mkono mizunguko kadhaa ukisikiliza. Ukisikia mkwaruzo wowote, simama na ufungue tena. Pasipo na mkwaruzo, piga kiki mara chache plagi ikiwa bado nje, kisha uifunge na kuwasha.